Kilo 56 za Mjane

Ndugu msomaji,

Jambo nitakalokusimulia leo ni aibu yangu mwenyewe, na mtu mzima haoni tamu kuitangaza aibu yake. Lakini nimeona kuinyamazia ni vibaya zaidi, kwani wengi wetu sasa tumezikabidhi hesabu zetu kwa mashine, na lililonifika mimi huku Kituntu laweza kukufika wewe huko Pangani, Lamu, Mvita au Unguja. Basi nivumilie, nianze mwanzo.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilihamishiwa Karagwe mwaka 1979, vita vya Kagera vilipokwisha, nije kusomesha hesabu. Nilidhani nitakaa miaka miwili kisha nirudi baharini. Nikaoa, nikapata migomba na mibuni, nikawa mwenyeji. Jamaa zangu hunicheka kwamba nimekwenda kupotelea bara. Nami huwajibu kuwa mimi si wa kwanza. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa na kituo chao Kafuro, katika nchi ya mfalme Rumanyika. Speke alipopita mwaka 1861 kituo kilikuwapo, na Stanley alipofika mwaka 1876 aliwakuta watu wa pwani hapo. Walikuwa wakinunua pembe, na pembe hununuliwa kwa mizani. Kwa hiyo mtu wa pwani na mizani huku Karagwe ni habari ya zamani. Yangu ni ya juzi tu.

KIKUNDI CHETU

Huku kwetu kahawa huvunwa, huanikwa juani mpaka ikauka na maganda yake, kisha hupimwa na kuuzwa. Sisi majirani tulikuwa na kikundi kidogo. Kila mtu alileta magunia yake, yakapimwa, yakaandikwa, yakauzwa pamoja, na baadaye kila mmoja akapewa fedha kwa kadiri ya kilo zake. Kwa miaka mingi mwandishi nilikuwa mimi, kwa kalamu na daftari.

Mwaka 2018 akaja kwangu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana aliyesoma kompyuta Dar es Salaam na alikuwa bado hajapata kazi. Alikuja na kompyuta yake ya kupakata, akaiunga kwenye umeme wa jua juu ya bati langu. Akaniona nakesha na daftari, nakosea, nafuta. Akasema, "Mjomba, hii kazi ya usiku tatu mimi nitakufanyia kwa dakika moja."

Nilifurahi. Nami nikamhimiza afanye upesi, maana msimu ulikuwa umekwisha anza. Akaandika programu kwa lugha iitwayo C. Siku ya kufunga msimu akabonyeza, na orodha yote ikatoka: jina, kilo, fedha. Wanakikundi wakapiga makofi. Mimi nikajiona kama mtu aliyemleta mtume wa hesabu kijijini. Astaghfirullah.

Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja mjane, mwenye watoto wanne. Alipoitwa akaambiwa kilo zake ni 256. Akasema, "Mwalimu, mimi nimeleta zaidi ya mia tatu. Nimehesabu magunia yangu."

Ewe msomaji, sikiliza nilivyomjibu. Nilimwambia mbele ya watu, "Mama, mtu hukosea. Kompyuta haikosei hesabu."

Watu wakacheka kidogo. Yeye akapokea fedha alizopewa akaenda zake. Msimu ule ada ya shule ikampungukia, naye akafanya lile ambalo huku twaliita butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya chini kabisa, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Butura imekatazwa na serikali, na kila mtu anajua kwamba imekatazwa, na kila mwenye shida huifanya.

Baada ya malipo ilibaki ziada ndogo ya fedha ambayo haikuwa na mwenyewe katika orodha. Tukasema ni vile vipande vya kilo ambavyo mizani huviruka. Tukanunua turubai la kuanikia kahawa. Mimi mwenyewe nimeanika kahawa yangu juu ya turubai lile.

NAMBA ILIYORUDI

Mwaka 2019 miti ilizaa sana. Siku moja kabla ya malipo mpwa wangu alikuwa akiipitia orodha, mara akanyamaza. Akaniita. "Mjomba, yule mama mwaka jana alipata kilo ngapi?" Nikafungua karatasi: 256. Akaigeuza kompyuta nitazame. Mwaka ule pia: 256.

Mtu halimi shamba moja miaka miwili, mmoja wa mavuno haba na mmoja wa mavuno mengi, akapata kilo zile zile bila kuzidi wala kupungua. Alikaa usiku kucha na ile programu. Alfajiri, nilipotoka kuswali, nikamkuta barazani, macho mekundu. Akaniambia, "Mjomba, tumemdhulumu."

Nitakueleza kosa lilivyokuwa, kwani ndani yake mna elimu. Kila mwanachama alipewa chumba katika kumbukumbu ya kompyuta. Upande wa kwanza wa chumba ni wa jina, una nafasi ya herufi 20. Ukuta kwa ukuta na hapo ndipo zinapokaa kilo. Katika lugha ya C, kila jina likiisha huwekwa sifuri ya kuonyesha kwamba limekwisha. Jina la yule mama, pamoja na nafasi zilizo baina ya majina yake matatu, lilikuwa na herufi 20 kamili. Hivyo sifuri ya mwisho ilikosa mahali pake, ikaruka ukuta, ikaangukia kwenye kilo.

Na kompyuta huhifadhi namba kwa vipimo, mfano wa pishi na vibaba vyetu. Vibaba vinne ni pishi moja. Kwa kompyuta, vibaba 256 ndiyo pishi. Kilo zake za mwaka 2018 zilikuwa 312, yaani pishi moja na vibaba 56. Kilo za mwaka 2019 zilikuwa 401, yaani pishi moja na vibaba 145. Ile sifuri iliangukia kwenye chungu cha vibaba, ikavifuta, ikaacha pishi. Kwa hiyo miaka yote miwili ilibaki 256.

Laiti angelileta chini ya kilo 256, orodha ingelionyesha sifuri, na hata kipofu angelijua kuna kosa. Lakini kwa kuwa alijitahidi akaleta nyingi, dhulma yake ikajificha ndani ya namba iliyofanana na kweli. Wanachama wengine wote hesabu zao zilikuwa sawa. Yeye peke yake ndiye aliyepunjwa, kwa sababu ya urefu wa jina lake.

MFASIRI ASIYEULIZA

Nilimuuliza mpwa wangu, "Mashine hiyo haina mtu wa kukagua? Hakuna aliyekwambia kwamba jina halitoshi?" Hapo ndipo nilipoanza kusomeshwa mambo ambayo mzee kama mimi hakutarajia kuyasikia.

Kompyuta haisomi maneno ya mtu. Husoma namba tu. Fundi huandika kwa lugha inayosomeka, kisha programu nyingine iitwayo kompaila huyafasiri yale maandishi yote kuwa amri za mashine. Grace Hopper wa Marekani ndiye aliyetengeneza mojawapo ya zile za kwanza kabisa, mwaka 1952. Kompaila basi ni mfasiri, na wafasiri hawana tabia moja. Yuko mfasiri ambaye ukimpa waraka wenye kosa huufasiri pamoja na kosa lake, akisema kazi yake ni kufasiri. Na yuko ambaye huurudisha waraka, akisema, "Mstari huu sikubali kuufasiri mpaka unieleze."

Lugha ya C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lugha nyepesi na ya mbio, na mifumo mingi inayoendesha kompyuta duniani imejengwa kwayo. Walioiwekea kanuni rasmi waliandika kwamba moja ya misingi yake ni kumwamini fundi. Fundi akisema "weka hapa", huwekwa hapo. Hakuna anayemuuliza kama hapo ni pake.

Mpwa wangu ana rafiki yake Bukoba, kijana mwenzake wa kazi hiyo. Alipoitwa alikuja, wakakaa kwangu siku nne, na usiku walibishana mpaka mafuta ya subira yangu yakakaribia kwisha. Yule rafiki alikuwa mfuasi wa lugha nyingine, Rust. Aliianzisha Graydon Hoare mwaka 2006, kwa mkono wake mwenyewe, baada ya lifti ya jengo alimokaa huko Vancouver, Kanada, kusimama kwa kosa la programu, akalazimika kupanda ngazi mpaka ghorofa ya 21. Jina hilo maana yake ni kutu, naye alikusudia wale kuvu wa kutu ambao hawafi upesi. Nikacheka, maana sisi wenye mibuni twawajua vyema. Wa jamii hiyo ndio waletao kutu ya majani katika kahawa. Toleo la kwanza timilifu la lugha hiyo lilitoka tarehe 15 Mei 2015.

Kompaila ya Rust ni yule mfasiri mkali. Kila kitu kilichomo katika kumbukumbu lazima kiwe na mwenyewe mmoja anayejulikana. Anayetaka kukiazima aazime kwa masharti. Na mwenyewe akiondoka kitu hicho hakiguswi tena. Usipoyatimiza haya, hufasiriwi. Na programu inapokwenda, ukitaka kuandika nje ya mpaka wa chumba, husimama hapo hapo. "Jina la yule mama," akasema rafiki, "ama lingelipanuliwa nafasi, ama programu ingelisimama ikapiga kelele. Isingelinyamaza."

Mpwa wangu akamjibu kwa hasira, maana alikuwa ameumia. "Kosa si la C. Kompaila za C za leo zina maonyo mengi, ukiyataka wayawasha. Mimi sikuyawasha, kwa haraka. Na hiyo Rust yako huchukua muda mrefu kuisoma. Kikundi kingemaliza msimu nami bado nabishana na mfasiri."

Nami, mwenye kumhimiza afanye haraka, nikainamisha kichwa.

Mabishano yao, nilivyoelewa baadaye, si yao peke yao. Kampuni ya Microsoft ilieleza mwaka huo huo wa 2019 kwamba kiasi cha asilimia 70 ya nyufa za usalama ilizokuwa ikiziba kila mwaka katika programu zake zatokana na kukosea mipaka ya kumbukumbu. Kwa hiyo kosa la kijana wa Pangani aliyekaa Kituntu ni ndugu wa makosa ya mafundi wakubwa. Hata mfumo wa Linux, uliojengwa kwa C tangu mwaka 1991, ulianza kuipokea Rust katika kiini chake Desemba 2022, na haikupita bila maneno makali baina ya mafundi wa zamani na wapya.

Na wala si jambo jipya. Tony Hoare, msomi wa Uingereza (asichanganywe na yule wa Rust), alitengeneza kompaila ya lugha ya Algol miaka ya 1960, iliyokagua kila mpaka wa kila safu. Baadaye wateja waliulizwa kama wanataka ukaguzi huo uzimwe ili programu ziende mbio zaidi. Wakakataa; walikuwa wamekwisha ona makosa mangapi hukamatwa nao. Alipopewa tuzo ya Turing, alisimulia habari hiyo mwaka 1980, akasikitika kwamba waliokuja nyuma hawakulichukua somo lile. Na ni yeye huyo huyo aliyesimama mwaka 2009 mbele ya mafundi wenzake akakiri kwamba lile wazo la "rejeo tupu" alilolitia katika lugha mwaka 1965, kwa kuwa lilikuwa rahisi kulitia, lilikuwa kosa la thamani ya dola bilioni. Miaka 44 baadaye, mzee mwenye heshima zake zote, akakiri. Nilipolisikia hilo nililiweka moyoni.

ADABU YA KUBISHANA

Jambo moja la vijana hawa lilinipendeza, na napenda ulijue. Katika jamii ya Rust, tangu mwaka 2014, anayetaka kubadili jambo kubwa katika lugha huandika pendekezo lake hadharani, aeleze sababu, faida na hasara, na njia nyingine alizozifikiria. Kila mtu ana ruhusa ya kulisoma na kulipinga. Kisha walio na dhamana ya lugha huamua, na sababu zao huandikwa.

Mwaka ule wa 2019 walikuwa wamebishana juu ya neno moja tu, neno la kuiambia programu ingoje kazi fulani imalizike. Je, liwekwe mbele ya kazi au nyuma yake? Lugha nyingine nyingi huliweka mbele. Maoni yalikuwa mamia kwa mamia. Mwishowe wakaamua liwekwe nyuma, kwa sababu husomeka vyema kazi zinapofuatana, na Novemba mwaka huo likatoka. Wengi walioshindwa walilitumia kama walioshinda.

Lakini usidhani mabishano ya namna hii hayachomi. Guido van Rossum, muasisi wa lugha ya Python, alibishaniwa vikali mwaka 2018 juu ya alama moja ndogo aliyoikubali. Alishinda, kisha Julai mwaka huo akajiuzulu uongozi, amechoka. Wenzake wakachagua baraza la watu watano mwanzo wa mwaka 2019. Na huko kwenye Rust kwenyewe, Novemba 2021, wale waliopewa kazi ya kusimamia adabu ya mazungumzo walijiuzulu wote kwa pamoja, wakisema kundi la viongozi wa juu halikubali kuwajibishwa. Shura ni jambo jema, lakini shura isiyoweza kumuuliza mkubwa ni baraza la kumpigia mkubwa makofi. Nasi Kituntu tulikuwa na baraza la namna hiyo, na mkubwa nilikuwa mimi.

Baadaye, miaka ilipopita, vijana wakanionyesha pia kwamba hata kwetu wako wanaojenga lugha. Iko iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na vijana wa Tanzania, ambayo amri zake ni Kiswahili: andika, kama, sivyo, wakati, rudisha. Imejengwa kwa lugha ya Go, nayo si mfasiri wa kitabu kizima, bali ni mkalimani anayetafsiri papo hapo. Haikukusudiwa kuendesha mitambo. Ni ya mwanafunzi anayetaka kuanza. Niliandika mistari mitatu mwenyewe, nikaona mashine inanielewa kwa lugha ya mama yangu. Nilijisikia kama mtoto aliyefaulu kusoma alifu kwa mara ya kwanza.

Nikawaambia nao wajue la kwao. Lile neno "algorithm" wanalolitaja kila mara, yaani njia ya hatua kwa hatua ya kufikia jawabu, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Kitabu chake cha al-jabr hakikuandikwa kwa kujifaharisha. Sehemu kubwa yake ni mafungu ya mirathi na wasia, pamoja na biashara na kupima ardhi. Hesabu hizi, tangu mwanzo wake, zimeandikwa ili mjane na yatima wapate haki yao. Nilipokwisha sema hayo, nikaona nimejihukumu mwenyewe.

SIKU YA MALIPO

Sasa tulikuwa na shauri. Kilo 145 za mwaka 2019 hazikuwa zimelipwa bado, hizo zilirekebishwa. Lakini zile 56 za mwaka wa nyuma?

Mpwa wangu alisema, "Mjomba, tumlipe kwa siri. Nitasema ni nyongeza. Nikitangaza kosa, nani atanipa kazi tena?" Nakiri, ndugu msomaji, kwamba shauri lile lilinipendeza. Kwa saa kadhaa nililishika. Fedha atapata, aibu hatutapata; kuna ubaya gani?

Jioni nikawa nawasomesha watoto wa jirani, kama kawaida yangu, na zamu ilikuwa sura ya al-Mutaffifiin. Kila mtoto aliyekaa chuoni anaijua, na anajua inawaonya nani. Nimeisomesha kwa miaka 40. Siku ile mtoto wa pili katika safu alikuwa mtoto wa yule mama. Alisoma vizuri, hakukosea hata herufi moja, na mimi sikuweza kumtazama.

Kesho yake, watu walipokusanyika kwenye mizani, nilisimama kabla ya majina kuitwa. Nikaeleza yote: herufi 20, sifuri iliyoruka, pishi na vibaba. Nikaeleza ile ziada iliyonunua turubai. Kisha nikasema kwamba kosa la programu ni la kijana aliyekuwa na haraka, na haraka ile niliitia mimi. Lakini kosa la kumkatalia mama huyu mbele ya watu ni langu peke yangu, na hakuna mashine iliyonifundisha.

Mpwa wangu naye akasimama, akasema, "Mama, niwie radhi. Kosa ni la mkono wangu." Sauti yake ilitetemeka. Sijapata kumpenda kijana yule kama nilivyompenda saa ile.

Tukamlipa kilo zake 56 kwa bei ya mwaka mpya, ambayo ilikuwa juu kidogo. Yeye akahesabu fedha taratibu, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Kisha akauliza, "Na lile turubai, basi, ni langu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kicheko kikaisha. Mwenyekiti akatazama chini, akasema, "Kwa haki, ni lako." Likakunjwa, akapewa. Nani alimlipa hasara ya butura? Hakuna. Ile kahawa aliyoiuza mtini ilikwisha kwenda, na aliyeinunua hakuwa mmoja wetu.

Alipokuwa anaondoka akapita karibu nami. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kilo zangu nimezipata. Lile neno lako bado halijanitoka." Sikuwa na jawabu, wala leo sina.

NINALOKUOMBA

Ndugu msomaji, usiniambie kwamba basi tuziache kompyuta. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine za hesabu kuvuruga mambo ya hazina. Miaka ikapita, wenzetu wakajifunza, sisi tukabaki kusimuliwa. Kalamu yangu pia ilikuwa ikikosea, tena mara nyingi kuliko mashine ya kijana. Tofauti ni kwamba mtu alipoiambia kalamu yangu imekosea, nilifungua daftari nikatazama.

Wala usiniambie kwamba lugha kali ingelitosha. Mpwa wangu aliiandika programu upya kwa Rust. Ilimchukua wiki tano, na mara nyingi nilimsikia usiku akimgombeza mfasiri wake. Sasa anasema hatarudi nyuma, ingawa C bado aiheshimu na kwa kazi nyingine huitumia, na maonyo yote ameyawasha. Nafurahi. Kompaila kali ni kama kalafati hodari: huziba nyufa kabla chombo hakijashuka majini. Lakini kalafati hajui shehena iliyomo chomboni ni ya nani. Akiandika fundi kwamba mjane apewe nusu, mfasiri mkali ataifasiri nusu ile bila kosa hata moja, mipaka yote ikiwa salama.

Kwa hiyo sisi tumejiwekea kanuni tatu. Daftari la kalamu liko palepale kando ya mashine, na kilo husomwa kwa sauti mbele ya mwenyewe, aondoke na karatasi yake. Ziada yoyote isiyo na mwenyewe haitumiki mpaka itafutiwe mwenyewe. Na mtu yeyote akisema hesabu yangu si sawa, jambo la kwanza ni kuandika alilolisema, kabla hajajibiwa neno.

Kwako wewe mwenye duka, mwenye kikundi, mwenye msikiti unaokusanya michango kwa simu, au kijana unayeandika programu za watu: kagua jina refu kuliko yote katika orodha yako. Mtazame huyo mmoja ambaye hesabu yake haikubaliani naye. Wengine mia wakiwa sawa, bado haijawa dalili kwamba yeye ni mwongo.

Na kama umewahi kumwambia mtu lile neno nililolisema mimi, nenda kwake leo, usingoje namba irudi mara ya pili.

Wassalaam.